Siku Nkome Iliposimamisha Makasia

Asubuhi ile boti za dagaa zilirudi Nkome moja moja, zimetawanyika, na watu waliokuwa mwaloni, pale boti zinapofikia, wakajua kabla ya kuambiwa kwamba huko nje kumeharibika. Upepo ulikuwa umepiga alfajiri, ule wa ghafla unaopeperusha hata mabati. Serafina alikuwa ameinama juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, anageuza dagaa wa jana kwa ufagio, mwanawe Blessing amelala mgongoni. Alisikia injini moja ikizimwa, kisha nyingine. Boti aliyoiendesha mumewe, Mageni, iliitwa Subira. Hakuinua kichwa kuitafuta, kwa sababu kila siku ilikuja, na ikija Mageni alikuwa anampigia mluzi.

Aliyekuja ni Donatus, mwenyekiti wa mwalo, amelowa suruali mpaka magotini.

"Mama Blessing, hebu kaa chini."

"Ngoja nimalize hawa. Jua likiwa kali watavunjika."

"Kaa kwanza, mama."

Serafina akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Donatus akachuchumaa mbele yake, akamwambia. Subira imepinduka. Magesa na wenzake wawili waliishikilia mpaka boti nyingine ikawaona. Mageni alikuwa nyuma, kwenye injini. Hawakumwona tena.

"Sawa," Serafina alisema.

Donatus alisubiri. Wanawake wa kwenye dagaa nao walikuwa wameacha kazi, wanasubiri, kwa maana kila mtu pale anajua mwanamke akiletewa habari ya namna hiyo anafanya nini. Monika, jirani yake, mke wa Magesa, alikuja mbio na kanga mkononi ya kumfunga kiunoni akianguka. Akamkumbatia. Serafina alisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye shingo ya Monika, akawaza kwamba na yeye alipaswa kufua leo. Kilio hakikuja. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: ukiugusa, mkono ndio unaojua umegusa, mguu wenyewe haujui.

Baadaye alisimama, akaokota ufagio, akaendelea kugeuza dagaa. Monika akamnyang'anya.

Nkome ni mwalo wa siku nyingi. Kabla ya injini na taa za sola, wavuvi walikuwa wakienda kwa makasia na karabai, na wazee wa enzi hizo waliacha utaratibu ambao hakuna mwenye boti, hata tajiri wa boti kumi, anayethubutu kuuvunja. Ziwa likichukua mtu wa mwalo, hakuna anayekwenda kuvua mpaka mtu huyo apatikane, au mpaka wenye msiba waseme basi. Kila boti inachimbiwa kasia mchangani mbele ya pua yake, limesimama. Siku hizi makasia ni ya dharura tu, injini ikigoma, lakini kila boti bado inalo.

Kufikia mchana makasia yalikuwa yamesimama ufuo mzima, kutoka kwenye mitumbwi ya sangara hadi kwenye boti kubwa za dagaa zinazokwenda mbali. Hakukuwa na sauti ya injini isipokuwa za boti chache zilizotoka kumtafuta Mageni, zikiburuta ndoano chini ya maji. Zilirudi jioni bila kitu. Kesho yake zikatoka tena.

Mzee Januari, baba yake Mageni, alifika kutoka Ushirombo akiwa amevaa koti lake la kwendea kanisani. Alikuwa mkulima wa mihogo na mahindi, na ng'ombe wachache, na hakuwahi kulipenda ziwa. Mageni alipoacha shamba kwenda kuvua, mzee alimuuliza mbele ya watu kama kuna mtu aliyewahi kupalilia maji. Sasa alisimama mlangoni kwa mkwewe na kifurushi cha unga mkononi.

Serafina akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Wamempata?"

"Bado, baba."

Mzee akaomba kigoda. Akakiweka chini ya upenu, kimeelekea majini, akakaa. Hapo ndipo alipokaa siku zote zilizofuata. Alikula kilicholetwa, alisali rozari yake, na boti za kutafuta zilipokuwa zinarudi alisimama, akaangalia wanaoshuka, akakaa tena.

Dagaa huvuliwa kwenye giza, mwezi usipokuwepo. Mwezi ukikua hawakusanyiki kwenye taa. Giza la mwezi ule lilikuwa linaisha huku boti zimelala. Wachuuzi kutoka Katoro na Kahama walisubiri, wakachoka, wakahamia mialo mingine. Mama lishe mmoja baada ya mwingine akazima moto. Vichanja vya kuanikia vilibaki vitupu, kunguru wakitembea juu yake. Hakuna aliyesema neno baya mbele ya Serafina. Lakini alipopita kwenda kuchota maji, watu waliokuwa wanaongea walinyamaza, na yeye alijua walichokuwa wakiongea. Hakuumia. Alichota maji, akarudi.

Monika ndiye aliyesema. Alikuja kumsaidia kupika chakula cha watafutaji, na kwa muda mrefu alikata vitunguu bila kumtazama. Tangu siku ile alikuwa hamtazami vizuri. Mume wake alikuwa nyumbani, mzima, na jambo hilo lilikaa kati yao kama mgeni.

"Watu wanaongea," alisema hatimaye.

"Wanasema nini?"

"Wanasema hukumpenda. Hulii. Mpaka leo hujalia."

"Nitafanyaje sasa, Monika?"

"Lia hata kidogo. Hata kwa uongo. Wakuone tu."

Kuni zilikuwa mbichi. Serafina alipoinama kupuliza moto, moshi ulimwingia machoni, machozi yakamtiririka, akatoka nje kufuata hewa. Wanawake waliokaa kwenye mkeka wakamwona. "Afadhali, mayu," mmoja alisema kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kisukuma. "Afadhali yametoka." Wakamvuta katikati yao, wakampapasa mgongo. Serafina akawaacha wampapase mpaka macho yakakauka, kisha akarudi jikoni kugeuza ugali.

Jioni hiyo Donatus alikuja, amevua kofia. Alikaa chini, mbele ya kigoda cha mzee.

"Mzee wangu," alisema, "tumetafuta mpaka upande wa visiwani. Hakuna mahali hatujapita. Na vijana hawajachoka, tukisema kesho twende watakwenda. Lakini watu wana watoto, mzee."

"Na mimi nina mtoto," Januari alijibu. "Yumo humo."

"Najua."

"Kama unajua, umekuja kuniuliza nini?"

Donatus akazungusha kofia mikononi. Akamgeukia Serafina aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama Blessing, na wewe ni mwenye msiba. Neno lako nalo ni neno."

Serafina alimwambia atajibu kesho. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema anapotaka mgeni aondoke.

Lakini asubuhi alimwacha Blessing kwa Monika, akamkuta Magesa amekaa kwenye boti iliyovutwa nchi kavu. Magesa hakuwa ametoka na watafutaji tangu siku ya pili. Mikono yake ilikuwa bado na michubuko ya kamba.

"Shemeji, nipeleke."

"Wapi?"

"Mlipopindukia."

Magesa akamwangalia. "Shemeji, pale hakuna kitu. Ni maji."

"Nipeleke tu."

Donatus hakupenda; wanawake hawapandi boti za dagaa, na mwenye msiba ndiyo kabisa. Mwishowe alipanda na yeye. Mzee Januari aliulizwa kama anakwenda, akatikisa kichwa. Walikwenda kwa injini muda mrefu, mpaka nyumba za Nkome zikawa alama ndogo nyeupe, kisha hazikuonekana. Serafina alikaa katikati, ameshika ubao kwa mikono miwili. Hakuwahi kufika huko. Miaka yote aliyoishi na Mageni, kazi ya mumewe ilikuwa kwake kitu kinachoanza mtu anapotoka nyumbani na kuisha anapopiga mluzi.

Magesa alitazama mlima mmoja, akatazama kisiwa, akaonesha kwa kidevu. "Kama hapa."

Donatus akazima injini. Boti ikayumba taratibu. Maji yalikuwa ya rangi ileile ya kila mahali.

"Niambie," Serafina alisema.

Magesa alitazama michubuko ya mikono yake. "Wimbi la kwanza lilitujaza. Tukaanza kuchota. La pili likaja ubavuni. Nikamwambia kaka, acha, njoo huku mbele tushike. Yeye akawa anahangaika na injini, anaifungua."

"Anaifungua ya nini?"

"Isizame na boti. Akasema, hii injini ya watu." Magesa akajifuta uso kwa bega. "Ndiyo la mwisho nililosikia. Hii injini ya watu. Boti ikageuka."

"Ndivyo alivyokuwa," Serafina alisema.

Alingoja. Alidhani kwamba kama kuna mahali ambapo kitu kitapasuka ndani yake, ni hapa. Aliingiza mkono majini, yakawa na uvuguvugu. Ndege mweusi alipiga mbizi, akaibukia mbali na samaki mdomoni, akammeza. Serafina akawaza dagaa waliobaki kwenye gunia nyumbani, kwamba wasipoanikwa leo wataota ukungu.

"Turudi," alisema.

Mzee Januari alikuwa amesimama aliposhuka. Serafina alienda moja kwa moja mpaka alipokuwa, akapiga goti, na hakusimama.

"Baba, waache waende."

Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma kidogo.

"Una moyo gani wewe?" aliuliza. Mzee hakupaza sauti. "Mimi nilimzaa. Wewe umelala naye kitanda kimoja. Nimekaa hapa nakuangalia. Unapika, unafagia, unaanika samaki. Sasa unasema waende."

"Moyo wangu sijui uko wapi, baba. Nimeutafuta." Aliangalia miguu ya mkwewe, viatu vilivyojaa mchanga. "Nimetoka huko sasa hivi. Ni kukubwa, baba, sikujua. Boti tatu haziwezi kumwona mtu huko. Wakienda wote, kila mmoja na njia yake, pengine mmoja atamwona. Wakikaa hapa, nani atamwona?"

Januari alitazama makasia. Yalikuwa yamesimama mpaka kwenye kona ya mwisho ya ufuo. Akavua koti, akamkabidhi Serafina kama mtu anayeenda kazini. Akatembea mpaka kwenye boti ya karibu, akalishika kasia chini, karibu na mchanga, akakunja magoti kidogo, akalitingisha huku na huku kabla ya kuvuta. Alilitoa kama anavyotoa muhogo, bila kuvunja. Akalilaza ndani ya boti, akaenda kwenye linalofuata. Hakuna aliyemsaidia mpaka Donatus alipoona jasho limelowesha shati lote, ndipo naye akashika moja, na wengine wakafuata.

Alasiri boti zilitoka. Zilisukumwa moja baada ya nyingine, injini zikawaka, watu wakipigiana kelele kuhusu nyavu na mafuta kama siku nyingine yoyote. Magesa alikuwamo kwenye mojawapo. Monika alisimama majini mpaka kiunoni akimwangalia, na alipogeuka alikutana macho na Serafina. Safari hii hakuyakwepesha. Alikuja, akambeba Blessing mgongoni mwake, wakaenda kuanika wale dagaa wa kwenye gunia. Nusu walikuwa wameshaharibika.

Mzee Januari alirudi Ushirombo mvua zilipokaribia. Kabla hajamaliza mwezi mzima huko, simu ikapigwa kwa Donatus. Kwenye mwalo mmoja upande wa Chato, wavuvi walikuwa wameokota mwili wiki zile za msiba, haukutambulika, hakuna aliyejitokeza, wakauzika. Mzee akasafiri tena. Alionana na Serafina njiani, wakaenda wote.

Aliyewapokea ni mvuvi mtu mzima, jina lake Marcel, aliyekuwa pia msimamizi wa jumuiya yao ya kanisa. Aliwapeleka nyuma ya kambi, kwenye mwinuko, ambako kulikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe kwa uangalifu. Mtu alikuwa ameng'oa majani juu yake.

"Tulimzika vizuri," Marcel alisema. "Tulisali. Hatukumtupa."

"Mungu awabariki," mzee alisema. "Alikuwaje?"

"Maji yalikuwa yameshamharibu, mzee, sitakudanganya. Mrefu. Na hapa mbele," akagusa meno yake ya juu, "alikuwa na pengo. La siku nyingi, si la ajali."

Serafina alitazama mawe. Mageni alikuwa na meno yote. Alikuwa akifungua soda kwa meno, na walikuwa wakigombana kwa ajili hiyo. Alimsikia mzee akivuta pumzi pembeni yake.

"Ni yeye," Januari alisema. "Ni mwanangu."

Marcel akamgeukia Serafina. Ilikuwa kazi yake kuuliza, na aliuliza kwa macho tu.

"Ndiyo," Serafina alisema. "Ni yeye."

Wakasali. Mzee alipiga magoti kwenye udongo, akalia kwa sauti ambayo Serafina hakuwahi kuisikia kwa mwanaume, akaliita jina la Mageni na la mama yake Mageni aliyekufa zamani. Marcel alileta msalaba wa mbao, akaandika jina kwa rangi, akauchimbia. Wanawake wa kambi walileta uji. Waliondoka wakisindikizwa na nusu ya mwalo.

Walipofika Buseresere gari lilikuwa halijajaa, wakaingia kwenye mgahawa kusubiri. Mzee aliagiza chai na chapati, akaagiza na za mkwewe. Kwa desturi yao wasingekaa meza moja, lakini meza nyingine zilikuwa na watu. Serafina akageuza kiti pembeni kidogo, asimtazame usoni. Mzee aliinywa chai yake kidogo kidogo, muda mrefu.

"Mageni hakuwa na pengo," alisema.

"Hakuwa, baba."

"Nilidhani labda aling'oa huku, mimi sijui."

"Hakung'oa."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Nje kondakta alikuwa anaita abiria wa Geita. "Nilitaka pa kusimama tu," alisema. "Mtu asimame mahali aseme ni hapa. Nimemwandikia mtoto wa watu jina la mwanangu. Turudi tukafute?"

Serafina alifikiri. "Marcel atamtunza kwa jina lolote, baba. Tuache."

"Na wewe ulijua pale pale."

"Nilijua."

"Ukanikubalia."

Mzee akaikata chapati yake, akasogeza kipande kikubwa kwenye sahani ya Serafina. Naye akakila ili asimkatalie.

Matanga yaliisha, watu wa Nkome wakapumua. Walimwambia ni bora amejua alipolala, naye akawaitikia. Hakumwambia mtu, hata Monika. Aliendelea na dagaa. Subira ilivutwa, ikazibwa, ikapewa nahodha mwingine, na Serafina alinunua dagaa kwake kama kwa yeyote. Alilala usingizi mzuri. Blessing alianza kukimbia. Wakati wa kulima alikwenda Ushirombo kumsaidia mkwewe kupanda, akarudi na gunia la mahindi. Mzee alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amelibeba mwenyewe kwenye baiskeli.

Mahindi hayo ndiyo aliyopeleka mashineni siku moja mchana, siku isiyo na lolote. Foleni ilikuwa ndefu, vumbi la unga limejaa hewani. Mbele yake alikuwa mwanamke aliyemjua kidogo, Nelly, ambaye zamani alikuwa akikaanga samaki pale mwaloni kabla ya kuhamia Bulyanhulu kupikia wachimbaji. Alikuwa amekuja kusalimia ndugu. Aligeuka, akafurahi.

"Mama Blessing! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Za huko?"

"Tunashukuru. Na Baba Blessing hajambo?"

"Hajambo," Serafina alisema.

Alilisikia neno likitoka, jepesi, kama lilivyotoka mara elfu. Nelly alikuwa bado anatabasamu, anasubiri mazungumzo yaendelee. Serafina akafungua mdomo amwambie la kweli, na badala yake ikatoka sauti. Beseni likamponyoka, mahindi yakamwagika kwenye miguu ya watu. Alikaa chini pale pale kwenye unga. Nelly alishika mdomo, akauliza watu kuna nini, mtu akamnong'oneza. Wanawake wawili asiowajua waliinama wakaanza kuokota mahindi, kiganja kwa kiganja, wakiyarudisha kwenye beseni, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alilia zamu yake ikafika, ikapita, na mwenye mashine akaendelea kuwasagia wengine mpaka jua likageuka.